Bado, Umefika Wapi?

Shangazi yangu hakuwa na neno hapana. Sisemi kwamba alikuwa mpole. Waulizeni wanaume waliomletea suruali za mitumba awapunguzie viuno, halafu wakachelewa kuzifuata. Nasema neno lenyewe halikukaa kinywani mwake, almuradi jambo aliloulizwa lilikuwa lingali linawezekana. Chai imeiva? Bado. Suruali yangu imekwisha? Bado. Na wewe dada, hujaolewa tena? Bado, alijibu, nywele zimeshaingia mvi, wala hakucheka, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mimi ni mtu wa haraka. Shangazi alipenda kusema kwamba hata tumboni sikutimiza miezi, nilisukuma mlango nikatoka. Kwa mtu wa namna hiyo kulelewa katika nyumba ya bado ni adhabu, na utoto wangu wote nililichukia neno hilo. Ajabu ya Mungu, ndilo neno pekee la Kiswahili lililomo ndani ya programu inayoendesha chombo kimoja cha darubini kubwa, juu ya mlima mkavu upande wa pili wa dunia, ambako wataalamu wa nyota wa mataifa mbalimbali hulisoma kwenye skrini na kulitamka vibaya. Aliyeliingiza humo ni mimi, na nililiingiza nikiwa Mtoni, katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi, kelele za Barabara ya Kilwa zikiingia dirishani.

Baba yangu alikuwa kaka yake wa pekee. Alipofariki nilikuwa sijaanza hata shule. Mama yangu akaolewa mbali, na shangazi akazifunga nguo zangu ndani ya shuka akanichukua. Yeye mwenyewe mumewe alikwisha kufa zamani, hakuachiwa mtoto, aliachiwa nyumba: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Vyumba vinne alipangisha, kimoja akalala yeye, na cha mbele nikalala mimi. Nilipopata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea umeme na kompyuta, alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege, akaniambia jambo moja tu, kwamba chumba changu hakitapangishwa.

Nilimaliza masomo nikaajiriwa hukohuko, kwenye karakana iliyokuwa inaunda chombo cha kufungwa kwenye darubini. Watu hudhani darubini kubwa ni bomba la kuchungulia. Kumbe ni kioo, kioo kikubwa kuliko chumba cha kulala, na kazi yake ni kukusanya nuru basi. Nuru ikishakusanywa hupelekwa kwenye chombo kingine kinachoichambua, na hicho ndicho tulichokuwa tunakiunda sisi. Ndani yake mlikuwa na gurudumu lenye matundu manane, kila tundu limewekwa kioo cha rangi yake, na mbele ya kamera kulikuwa na kifuniko. Mtaalamu akitaka kuitazama nyota kwa nuru nyekundu tu, gurudumu lizunguke hadi kioo chekundu kisimame kwenye njia ya nuru, kisha kifuniko kifunguke. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kuliamuru gurudumu hilo na, jambo gumu zaidi, ya kuliuliza kama limetii.

Halafu shangazi akateleza uani wakati wa mvua, akavunjika mguu. Tena mguu wenyewe ulikuwa wa kukanyagia cherehani. Habari ziliponifikia sikufikiri mara mbili. Nilimwendea mkubwa wangu wa kazi, nikamwambia kwamba vyuma vya chombo vilikuwa bado vinachongwa, hakuna cha kujaribu pale, na programu inaweza kuandikwa mahali popote penye kompyuta na umeme. Aliniuliza kama kwetu umeme upo. Nilimhakikishia kwamba upo. Hilo lilikuwa kweli, siku ambazo zamu ya mgao wa umeme haikuwa yetu.

Mtoni habari hazilali. Sijamaliza kufungua maboksi, mtaa mzima ulishajua kwamba mtoto wa kaka yake shangazi amesomea nyota Ulaya na amerudi na mashine yake. Kwa watu wetu wa pwani mtu aliyesomea nyota ni mtu wa falaki: unampa jina lako na la mama yako, anapiga hesabu, anakwambia biashara yako itasimama au itaanguka. Asubuhi ya kwanza tu alikuja jirani mmoja, mama muuza maandazi, amevaa baibui lake la kutokea, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwezi ule ulikuwa mzuri kwake kufungua genge. Nikamweleza kwamba mimi siangalii nyota za watu, na kwa kweli hata nyota zenyewe siziangalii, naandika tu programu ya kuzungusha gurudumu. Alinitazama kwa huruma. Nikamsikia uani anamwambia shangazi kwamba mtoto kasoma sana, lakini kwenye nyota hajafika, bado yuko kwenye magurudumu. Shangazi akamjibu kwamba nitafika.

Chumba changu nilikikuta kama nilivyokiacha, kitanda kimetandikwa shuka safi, utadhani nilitoka jana kwenda dukani. Jambo jipya lilikuwa mlango wake. Ulikuwa mlango wa mninga, umechongwa maua pembeni, mzuri kupita mlango wa mbele wa nyumba yenyewe. Sikuhitaji kuuliza nani kauchonga.

Chumba cha mwisho kule nyuma alikaa fundi. Alikuwa mtu wa kusini, mchonga vinyago tangu ujana wake. Biashara huria iliporuhusiwa nchini, watu wakaanza kujenga na kununua vitu vya kupendeza, akaacha vinyago akageukia milango na vitanda. Alikuwa mtaratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye nyumba moja. Kumsalimia tu ilikuwa safari: shikamoo yako aliipokea, akaweka patasi chini, akakung'uta vumbi, ndipo marahaba ikatoka. Mwaka nilioondoka kwenda Ulaya alikuwa amemtuma mshenga kwa shangazi. Shangazi hakuirudisha posa na hakuikubali. Alisema bado. Miaka ikapita, mshenga mwenyewe akahamia Goba na nadhani akasahau kama aliwahi kutumwa, na fundi akabaki palepale chumba cha mwisho, akisubiri. Kila Idi kubwa ikikaribia alimuuliza shangazi jibu lake, akaambiwa bado, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mbao zake.

Mimi nilitaka shangazi amkubali, na sikuona haya kutaka. Nilimpenda fundi, hata aliponitia wazimu kwa utaratibu wake. Zaidi ya hapo nilikuwa na sababu yangu, ambayo sikumwambia mtu. Karakana ilitaka niende na chombo mlimani kikishakamilika, nikakifunge, nikakijaribu, nikae nacho miaka kadhaa. Ilikuwa kazi niliyoiota. Lakini nilimwona shangazi na mguu wake umefungwa hogo la plasta, anavuta kigoda kwa mkono ili afike jikoni, nikajua siwezi kumwacha peke yake. Nikajisemea moyoni kwamba shangazi akiolewa, nitakwenda. Kwa hiyo kila mkubwa wangu aliponiuliza kama nakwenda mlimani au siendi, nilimwandikia maneno marefu ya Kiingereza ambayo ukiyakamua yanabaki neno moja, na neno hilo unalijua.

Sasa niseme jinsi lilivyoingia kwenye programu. Kazi hiyo niliirithi kwa mwenzangu aliyehama. Yeye alikuwa ameliwekea gurudumu majibu mawili tu: ndiyo, nimefika, na hapana, sijafika. Likijibu hapana, programu ilihesabu kwamba pana hitilafu, ikaliamuru upya. Gurudumu la watu liko njiani, linakwenda vizuri, linaamriwa upya na upya mpaka linachanganyikiwa. Nilipoyasoma hayo nilikasirika peke yangu mbele ya skrini. Mtu yuko njiani, unamuuliza umefika, akujibu hapana? Kwetu anayejibu hapana ameshavunja safari. Nikaongeza jibu la tatu, nikaliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwa sababu neno la Kiingereza la kunitosha sikulipata na kwa sababu nilikuwa na hasira: BADO. Gurudumu likisema BADO, programu isubiri, iulize tena. Mkubwa wangu alipenda kwamba neno ni fupi. Nami nilijiona nimefanya la maana, hata nikamweleza shangazi, naye akashangaa kwamba Wazungu walikuwa wakiishi bila hilo neno.

Shida ikabaki moja. Gurudumu lenyewe lilikuwa Ulaya, vipande vipande, nami sikuwa na cha kuzungusha. Mwanzoni nilijiandikia gurudumu la uongo, programu ndogo inayojifanya gurudumu. Ukiliamuru lilijibu bado, bado, tayari, kwa adabu zote. Lakini gurudumu uliloliandika mwenyewe linajibu unachotaka kusikia. Nililalamika hivyo siku moja uani, sikuwa namlenga mtu. Fundi akauliza gurudumu hilo lina upana gani.

Alilichonga kwa mninga, taratibu kama kawaida yake, nikadhani nitazeeka. Lakini lilipokuja lilikuja. Lilikuwa duara kamili, na matundu yake manane yalisuguliwa msasa mpaka kidole kinateleza. Kwenye ukingo, mbele ya kila tundu, alipigilia msumari mdogo wa shaba, ili likizunguka misumari iguse swichi moja baada ya nyingine na kompyuta ihesabu. Msumari wa tundu la kwanza aliuacha mrefu kuliko yote, kama nilivyomwomba. Mota niliitoa kwenye redio kaseti iliyokufa. Tukalifunga gurudumu ndani ya fremu ya mbao, nikavuta nyaya mpaka nyuma ya kompyuta, na chumba cha mbele kikawa na harufu ya vanishi na umeme.

Tundu la kwanza tuliliita nyumbani. Katika kazi hii kila gurudumu lina nyumbani kwake. Umeme ukikatika likiwa safarini, gurudumu halijui tena liko wapi, na dawa yake ni moja: umeme ukirudi, kabla ya jambo lolote, lizunguke mpaka liguse ule msumari mrefu, lianze kuhesabu upya. Mgao ulinifaa sana kwa jaribio hilo. Wenzangu Ulaya iliwabidi wachomoe waya kwa makusudi, mimi nilikatiwa bure. Shangazi alipenda kuja kutazama. Alikaa kwenye kiti, hogo lake ameliegemeza juu ya stuli, na umeme uliporudi, gurudumu likazunguka likagusa nyumbani, aliliambia karibu. Nilimtania kwamba anaongea na mbao. Akaniambia mbao ile ina adabu kuliko watu fulani, inarudi nyumbani kila inapopotea.

Masika ikaingia. Asubuhi moja niliuona umeme upo, nikaiwasha programu, nikaliamuru gurudumu litoke nyumbani liende tundu la tano, kisha la pili, kisha la saba, siku nzima, nione kama litachoka. Nikamchukua shangazi tukaenda hospitali kukata hogo. Foleni ilikuwa ndefu. Hogo likakatwa, mguu ukatoka mwembamba na mweupe kwa unga, shangazi akautazama akasema huu si wangu. Tulirudi mchana ametiwa bandeji anajikongoja, tukaisikia harufu kabla hatujafungua mlango.

Mota ilikuwa imeungua. Moshi wenyewe ulishakwisha, harufu tu ilibaki. Mbao ilikuwa imenyonya unyevu wa mvua, ikavimba, gurudumu likabana kwenye fremu kati ya tundu la tatu na la nne, na mota ikalisukuma mpaka ikafa. Hayo yangetokea kwa yeyote. Kilichonisimamisha mlangoni ni skrini. Kuanzia juu mpaka chini ilikuwa imejaa neno moja, na lilikuwa bado linaongezeka. BADO. BADO. BADO. Programu yangu ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi, inauliza umefika, inajibiwa bado, inaridhika, inauliza tena. Gurudumu limekwama, mota imeungua, chumba kinanuka, nayo haina habari.

Nilitukana, sitayaandika hapa. Kisha nikakaa chini nikacheka mpaka shangazi akaogopa. Yule mwenzangu wa ndiyo na hapana asingeweza kufanya kosa lile hata kwa bahati mbaya. Lilihitaji mtu aliyelelewa nyumba ya bado. Sisi tukishaambiwa bado, tunakaa. Fundi viatu akisema bado, tunarudi kesho. Ofisi ikisema bado, tunarudi Jumatatu. Tunalipokea kama ahadi, wala hatuulizi ni ahadi ya lini. Nilikuwa nimechukua ustahimilivu wa Mtoni mzima nikautia ndani ya mashine ya watu.

Nikaenda mjini, kwenye ofisi moja iliyokuwa na barua pepe, nikamweleza mkubwa wangu. Jibu lake lilikuwa jepesi: weka kikomo, gurudumu lisipofika ndani ya muda fulani, programu ikate tamaa. Muda gani? Hapo ndipo nilipokwama mimi. Kule mlimani kuna baridi, mafuta kwenye vyuma yanaganda, gurudumu zima kabisa linaweza kwenda polepole sana. Kikomo kikiwa kifupi, tutaliua gurudumu lililokuwa linakuja. Kikiwa kirefu, tutaunguza mota nyingine. Siku kadhaa nilizunguka na jambo hilo, nikamjibu vibaya kila aliyenisemesha.

Mwisho nililipata, na nililipata kwa sababu ya hasira zangu za siku zote. Nilijiuliza kinachoniudhi hasa kwenye bado ni nini. Si kusubiri. Ni kutojua. Mtu akiniambia bado, yuko Keko, halafu baadaye bado, yuko Chang'ombe, sina ugomvi naye hata akichelewa, maana anakuja. Anayenitia wazimu ni yule ambaye kila ukimuuliza yuko palepale. Kwa hiyo nikaandika upya. Gurudumu halikuruhusiwa tena kusema bado peke yake. Kila likisema bado, litaje mahali lilipo. Likitaja mahali papya, programu isubiri, hata ikichukua muda gani. Likitaja palepale mara kwa mara, basi limekwama, na programu isimamishe mota na kumwita mtu.

Nilimweleza fundi hayo uani, alipokuwa anapunguza ukingo wa gurudumu kwa randa ili mvua isilibane tena. Aliendelea kupiga randa, nikadhani hanisikilizi.

"Na likiwa palepale," aliuliza, "unaligombeza?"

"Hapana," nikamwambia. "Nasimamisha mota. Nakwenda kutazama kinacholizuia."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuranda.

Nikapata mota nyingine, tukafunga upya, na sasa skrini ilikuwa kama mtu anayekupigia simu kila kituo. BADO, LA PILI. BADO, LA TATU. BADO, LA NNE. TAYARI. Fundi alisimama nyuma yangu akasoma yote mpaka mwisho, akaomba nimwonyeshe tena. Nilifurahi kwamba kazi yangu imempendeza. Sikujua kwamba alikuwa anaichukua.

Idi kubwa ikakaribia. Mguu wa shangazi ulikuwa umeshapata nguvu, na suruali za watu zilikuwa zimerundikana. Alasiri hiyo alikuwa barazani na cherehani yake, anapunguza suruali ya kaki. Fundi alikuwa kwenye kigoda upande wa pili, anapiga msasa mguu wa kitanda. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, dirisha wazi, nawaona wote wawili na wao wamenisahau. Nilimwona fundi anaweka msasa chini, anakung'uta vumbi, nikajua kinachofuata. Nilikuwa nimeshakisikia mwaka uliotangulia kwa masikio ya wapangaji, nao walinisimulia wakicheka.

"Dada," alisema, "lile jibu langu."

"Bado, fundi." Mguu haukuacha hata kukanyaga.

Kwa kawaida hapo ndipo alipookota msasa wake. Safari hii hakuuokota.

"Bado najua," alisema. "Umefika wapi?"

Cherehani ikasimama. Shangazi alibaki ameishika suruali kwa mikono miwili, anaitazama sindano. Mimi niliondoa vidole kwenye kompyuta bila kujijua. Nilitamani kumpigia fundi kelele kwamba hiyo ni programu yangu, na nilitamani kwenda kumbusu mkono.

"Nipo palepale," shangazi alisema.

"Mie sikulaumu. Nataka kujua kinachokuzuia tu."

Shangazi alivuta pumzi. "Yule mtoto," akasema. "Mie niliondoka naye kwao nikamwahidi nyumba. Leo nikuweke wewe humu uwe mwenye nyumba, halafu arudi akajione mgeni? Hana baba, mama kaolewa mbali, hana pengine. Arudi kwanza moja kwa moja. Nimwone ametulia. Hapo ndiyo nitakujibu."

Sikumbuki kutoka chumbani. Nakumbuka nimesimama barazani miguu mitupu na wote wawili wananitazama. Miezi yote ile kazi yangu, ukiacha gurudumu, ilikuwa kuhakikisha kwamba ndani ya chombo hakuna vitu viwili vinavyosubiriana. Kifuniko kisifunguke mpaka gurudumu lifike; gurudumu lisizunguke mpaka kifuniko kifungwe. Ukikosea hapo, kila kimoja kinamngoja mwenzie, hakuna kilichovunjika, hakuna mwenye kosa, na hakuna kinachotokea milele. Nilikuwa nimekagua kila mstari. Nyumbani kwangu mwenyewe sikukagua. Nilijaa upendo na aibu na hasira, sijui kipi kilikuwa kikubwa.

"Shangazi," nikasema, "mie nakusubiri wewe."

"Unanisubiri mie? Kwa lipi?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu mlima, na chombo, na miaka ya kukaa huko, na kwamba kila nilipoulizwa kama nakwenda nilijibu bado, kwa sababu sikutaka kumwacha peke yake na mguu wake na vyumba vyake. Nikamwambia kwamba nilikuwa nangoja aolewe ndipo niondoke. Alinisikiliza mdomo wazi kidogo. Fundi aliinamisha kichwa, akawa anautazama mguu wa kitanda, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikuweza kujua kama analia au anacheka.

"Kwa hiyo wewe unaningoja mie niolewe," shangazi alisema polepole, "na mie nakungoja wewe utulie."

"Ndiyo."

"Na huyu anatungoja sie wote."

"Ndiyo, shangazi."

Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu anichukue, kama nikienda huko nitarudi. Na mimi mtu wa haraka, ambaye siku zote maneno yananitangulia, ilibidi niyatafute.

"Lile gurudumu unaloliambia karibu," nikasema, "halirudi nyumbani kukaa, shangazi. Linarudi kuhesabu, lijue linakokwenda. Mie nimeshahesabu. Nyumbani ni hapa. Fundi akiwemo humu ni hapa, na mie nikiwa kule mlimani ni hapa. Mlango wa chumba changu si kauchonga yeye?"

Shangazi aliweka mguu wake mwembamba juu ya kikanyagio na cherehani ikaanza tena, kwanza kwa kusitasita, halafu mfululizo. Alishona mshono wa kiuno mpaka mwisho, hakuruka hata kidogo, nasi tukasimama kumtazama kama watu waliokuja kuchukua nguo zao. Akaugeuza ule mshono, akaurudia. Akakata uzi kwa meno. Akaikung'uta suruali, akaikunja miguu kwa miguu, akailaza juu ya meza ya cherehani na kuipitishia kiganja.

"Tayari," alisema.

Fundi hakuthubutu kuinua macho. "Suruali?" aliuliza.

"Suruali nayo," akasema shangazi.